Tabaka za mawe Oldupai: walipima mfupa au walipima jiwe?

mwalimu_jiografia
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Jiografia kidato cha tatu, Karatu. Wiki iliyopita tulipeleka wanafunzi Bonde la Oldupai. Mwongozaji akatuonyesha kwa fimbo: chini kabisa mwamba mweusi wa lava, juu yake tabaka za kijivu, halafu lile jekundu. Akasema fuvu la zamadamu aliloliona mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1959 lina miaka milioni 1.75. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Walipima mfupa au walipima jiwe?" Nikamjibu kwamba tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu. Akasema, "Huo ni mpangilio, mwalimu. Miaka wameitoa wapi?" Kasema kweli, na sitaki kumpa jibu la kubahatisha. Naombeni msaada.

kokoto
Kaboni 14 hiyo, mwalimu.

mpasua_miamba
Hapana mkuu. Kaboni 14, ile kaboni inayooza iliyomo kwenye mabaki ya viumbe, hupungua nusu kila miaka 5,730 hivi. Ukivuka miaka 50,000 hakuna cha maana kilichobaki kupimwa.

Mwalimu, huyo binti kauliza swali lenyewe hasa. Walipima jiwe, tena si jiwe lolote: majivu ya volkano. Mimi ni mjiolojia, nimeyashika kwa mkono. Ukiyakwangua kwa kisu unatoka unga wa kijivu. Uweke kiganjani juani, utaona vipunje vinametameta kama vioo vilivyosagika. Hizo ni fuwele za feldispa, zilirushwa na volkano za upande wa Ngorongoro. Ndani yake mna potasiamu, na kiasi kidogo sana cha potasiamu hiyo, ile ya namba 40, huoza polepole mno, nusu yake kwa miaka bilioni 1.25. Sehemu ya kinachooza hugeuka gesi ya agoni. Mwamba ukiwa uji wa moto, gesi hiyo hutoroka. Fuwele ikishapoa, agoni inayozaliwa humo haina pa kutokea. Pima agoni, pima potasiamu, mwendo wa kuoza unaujua: umepata miaka.

Fuvu lilikuwa limelala katikati ya majivu ya milipuko miwili. Basi ni changa kuliko yale ya chini, kongwe kuliko yale ya juu. Mwaka 1961 Evernden na Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Louis Leakey, mumewe Mary, wakatangaza milioni 1.75. Kabla ya hapo Louis mwenyewe alikuwa akikadiria miaka 600,000 tu!

mwalimu_jiografia
Nashukuru sana. Ila huku kwetu mvua ikinyesha makorongo hubeba mchanga wa kila aina. Punje za kale haziwezi kuchanganyika na majivu mapya?

mpasua_miamba
Zinachanganyika, na ziliwasumbua watu. Zamani fuwele nyingi ziliyeyushwa kwa mkupuo, kwa hiyo punje chache za mwamba mkongwe zilitosha kuongeza umri. Siku hizi huyeyushwa moja moja kwa leza. Hamsini zikisema milioni 1.8 na mbili zikasema milioni 600, hizo mbili zililetwa na maji. Majivu ya Oldupai yalipimwa upya kwa leza, matokeo yakachapishwa 1991: karibu milioni 1.8.

dada_wa_sumaku
Mwambie na hili. Ile lava nyeusi ya chini ilipopoa ilihifadhi mwelekeo wa sumaku ya dunia, nao ni kama wa leo, ingawa ilikuwa ndani ya enzi ndefu ambayo sumaku ilielekea kinyume. Kipindi kile kifupi cha mwelekeo kama wa leo, tangu miaka milioni 1.95 hadi 1.78 iliyopita, kinaitwa Olduvai dunia nzima, yaani Oldupai kwa tahajia ya zamani. Hata anayechimba tope la sakafu ya Atlantiki hulitaja bonde letu.

mwalimu_jiografia
Jumatatu nina kipindi nao. Naweza kupata wapi feldispa ya kuwaonyesha?

mpasua_miamba
Hifadhini usiokote hata kokoto. Tafuta kipande cha graniti kwa wajenzi, ukipasue, ukilowanishe. Yale madoa ya waridi yenye nyuso bapa zinazong'aa, mengi ni feldispa ya potasiamu. Mpe yeye wa kwanza kushika.