Miwani nyeusi mbili na eksirei zinatosha kutazama kupatwa kwa jua?

mama_pacha: Wadau, wanangu wameshaanza kugombania nani atatazama kwanza. Nina miwani mbili nyeusi na eksirei ya zamani ya mguu. Nikizipanga pamoja si zinatosha? Nimejaribu, jua halichomi macho kabisa.

mwalimu_fizikia: Dada, hapana! Hilo la kutochoma ndilo la kuogopa. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haihisi maumivu, huungua kimya kimya. Tafuta miwani maalumu ya kutazamia jua yenye alama ya kiwango cha kimataifa, ISO 12312-2. Ukiivaa ndani ya nyumba usione takriban chochote. Ikiwa na mkwaruzo au tundu, tupa.

fundi_chuma: Kioo cha kuchomelea namba 14 nacho kinafaa. Namba 10 ya kazi za kila siku, hapana. Jua litaonekana kijani, msishtuke.

babu_nyota: Kwa watoto mimi napenda tundu. Toboa kadi kwa sindano, wakae wamelipa jua mgongo, mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Mtaona kijijua kilichomegwa! Wasichungulie jua lenyewe kupitia tundu, maana watoto nawajua. Chini ya mti, mianya ya majani hufanya kazi kama tundu, na vijijua hivyo huzagaa ardhini, tena bure. Darubini msiiguse: lenzi zake huunguza hata miwani maalumu, labda darubini iwe na kichujio chake cha jua mbele.

mama_pacha: Eksirei imerudi kabatini. Na jua likifunikwa lote, babu?

babu_nyota: Likifunikwa lote kabisa, hapo tu ndipo mtavua. Chembe ya mwanga ikirudi, vaeni upesi. Likibaki na pete au kipande, msivue.