Latakia inanifunikia ladha nyingine zote

Swali: Nimehamia mchanganyiko wa Kiingereza, yaani tumbaku ya kiko inayochanganya aina za Latakia, Virginia na Oriental. Kila nikivuta kiko napata harufu ya kuni na ngozi tu. Utamu wa Virginia siuonji kabisa. Nakosea wapi?

Jibu: Nadhani unavuta kwa pupa. Kiko kikipata moto sana, Virginia huchoma ulimi na utamu wake hupotea. Mimi huiacha tumbaku ikauke kidogo, navuta taratibu, kisha napitisha moshi puani, kiasi kidogo tu, bila kuumeza. Hapo ndipo nilipoitambua Oriental: uchachu mwembamba, karibu kama wa matunda makavu. Nilifurahi mno!

Jibu: Latakia hufukizwa kwa moshi wa kuni, ndiyo maana hutawala. Anza na mchanganyiko wenye Latakia kidogo.

Muulizaji: Nimepitisha puani. Utamu upo, kiko kikifika nusu!