Giaboksi ya oto kwenye 4x4 za zamani: tupeane uzoefu wa kubaini kosa kabla ya kuishusha

#1
Wakuu, uzi huu ni wa wenye Land Cruiser 80, Prado 90, Hilux Surf, Cherokee XJ, Discovery ya kwanza, Pajero na jamaa zao. Giaboksi nyingi za gari hizi hushushwa na kufunguliwa ilhali kosa liko nje: kebo, waya, swichi, au mafuta yamepungua tu. Anayejua alete dalili, chanzo na jinsi ya kupima. Lawama tuziache, tuweke vipimo.

Naanza na stiki ya kupimia mafuta ya giaboksi, maana wengi wanaikosea. Gari likae tambarare, na mafuta yapate moto kwa kuendesha dakika 15 hadi 20, si kwa kusimama sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga eksileta). Kanyaga breki, pitisha gia kutoka P hadi L ukisubiri kidogo kila hatua, kisha rudisha P (au N, kama kitabu cha gari kinavyotaka). Injini ikiwa bado inawaka, chomoa stiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ichomeke mpaka mwisho, chomoa tena usome alama ya HOT. Ukipima injini imezimwa, sehemu ya mafuta inarudi kwenye sampu (bakuli la chini ya giaboksi) na stiki itakudanganya kuwa yamejaa.

Yakipungua, pampu inavuta hewa: gia inachelewa kuingia, na gari linapoteza nguvu kwenye kona au mwinuko. Yakizidi, sehemu zinazozunguka zinayapiga mpaka yatoe povu, na povu haliwezi kubeba presha. Dalili hizo mbili zinafanana sana, ndiyo maana kuna wanaoongeza mafuta juu ya yaliyokwisha kuzidi.

#2
Naongezea hapo kwenye stiki, mkuu. Usisome kiwango tu, soma na rangi na harufu. Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe. Mekundu yanayoangaza ni mazima. Kahawia bila harufu ni uzee. Meusi yenye harufu ya kuungua yanamaanisha sahani za klachi zimeteleza mpaka zikaungua, na hapo mafuta mapya hayatarudisha kilichokwisha.

Yakiwa waridi hafifu, mazito, hayapitishi mwanga, ni maji. Kwenye gari la njia mbaya maji yana milango miwili. Wa kwanza ni rejeta: kipoza mafuta cha giaboksi kiko ndani ya tangi lake, na kikitoboka, mafuta yanaingia kwenye maji injini ikiwaka, na maji yanasukumwa kwenye mafuta injini ikizimwa rejeta bado ina presha. Wa pili ni bomba la kupumulia. Giaboksi yenye moto ikizama ghafla kwenye mto inapoa, hewa ya ndani inasinyaa, na kama bomba hilo limekatika au ni fupi inafyonza maji.

Usiendeshe hata kilomita moja ukiona rangi hiyo. Ngozi ya klachi ni karatasi iliyogundishwa kwa gundi, na maji yenye kizuia kutu yanaibandua. Badilisha rejeta kwanza, safisha njia za kipoza, ndipo ubadilishe mafuta mara tatu au zaidi, ukiendesha kidogo kila baada ya awamu, mpaka yatoke mekundu safi.

#3
Kebo ya kikidauni jamani! Giaboksi za A340 za Toyota, AW4 ya Cherokee na ZF 4HP22 za Land Rover zote zina kebo inayotoka kwenye throto (mlango wa hewa) ya injini hadi kwenye valvu bodi, yaani sehemu ya ndani ya giaboksi inayogawa presha ya mafuta. Wengi wanadhani kazi yake ni kushusha gia ukikanyaga sana basi. Kwenye giaboksi hizi ndiyo inayoiambia presha ya ndani ipande kiasi gani. Kebo ikilegea, presha inabaki chini wakati injini inatoa nguvu: gia zinabadilika mapema na kwa ulaini unaopendeza, huku klachi zinateleza na kuungua taratibu. Ikikaza kupita kiasi, gia zinachelewa na zinapiga.

Kwa A340, mtu akanyage eksileta mpaka mwisho, injini imezimwa. Pima kati ya mwisho wa mpira wa ganda la kebo na kizuizi kilichobanwa kwenye waya: iwe milimita 0 hadi 1. Rekebisha kwa nati mbili za kwenye bano. Kabla ya yote hakikisha throto yenyewe inafunguka yote, maana zulia likikaa chini ya eksileta kipimo chote ni bure. Kila injini inapobadilishwa, kagua kebo hii siku hiyo hiyo.

#4
Upande wa umeme. Toyota za zamani zenye kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti hazihitaji mashine. Swichi ya O/D (ovadraivu, yaani gia ya 4) iwe ON, unganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, hesabu mimweko ya taa ya O/D OFF. Ikimweka haraka mfululizo hakuna kosa lililohifadhiwa. 42 ni sensa ya mwendo namba 1, 61 ni sensa ya mwendo namba 2, 62 na 63 ni solenoidi (valvu za umeme zinazobadilisha gia) namba 1 na 2, 64 ni solenoidi ya kufunga konveta (kiunganishi cha mafuta kati ya injini na giaboksi).

Ukipata 62, 63 au 64, usikimbilie kununua solenoidi. Chomoa plagi, pima kila solenoidi na bodi kwa mita: kwenye A340 inatakiwa omu 11 hadi 15. Kama ziko sawa, fuata waya. Plagi hizi zinakaa mahali pa matope, na kutu ya kijani kwenye pini moja inatosha kuharibu mpangilio wote wa gia.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: chomoa plagi ya solenoidi, uendeshe ukibadilisha gia kwa mkono. Zikikosa umeme, A340 inatoa gia ya 1 kwenye L, ya 3 kwenye 2, na ya 4 kwenye D. Kwenye Cherokee chomoa fyuzi ya kompyuta ya giaboksi: 1-2 inatoa gia ya 1, 3 inatoa ya 3, D inatoa ya 4. Gia hizo zikiingia na kushika vizuri, mambo mengi ya ndani ni mazima na kosa liko kwenye waya, sensa au kompyuta. Zikiteleza hata hivyo, kosa ni la mafuta na vyuma. Usirudishe L ukiwa kwenye mwendo. Ukimaliza, futa kumbukumbu kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 10 au zaidi.

#5
Fupi tu kwa wenye Toyota ambao O/D haiingii asubuhi, au haiingii kabisa: angalia temostati. Kompyuta inaizuia gia ya 4 injini ikiwa bado baridi, na temostati iliyokwama wazi inaifanya injini isipate moto kamili safarini. Giaboksi haina kosa hapo.

#6
Mkuu wa #4 amesema sawa. Gia zikiteleza hata kwa mkono, kabla ya kushusha tafuta ni klachi ipi. Kwenye A340 rivasi inashikwa na klachi ya dairekti pamoja na breki ya gia ya kwanza na rivasi, iliyo ndani ya giaboksi. Sasa tumia akili: rivasi inateleza, na gia ya 3 nayo inateleza? Ni klachi ya dairekti, maana ndiyo wanayoshirikiana. Rivasi inateleza lakini ya 3 ni nzima, na ukiteremka mlima kwenye L injini haizuii gari? Ni ile breki. Zote mbele na nyuma dhaifu? Rudi kwenye kiwango, filta, kebo na presha ya pampu kabla ya kulaumu klachi yoyote.

Kupima uchelewaji: mafuta yana moto, injini sailensa, breki ya mkono imevutwa. Toa N weka D, hesabu mpaka usikie gari linashtuka. Isizidi sekunde 1.2. N kwenda R isizidi 1.5. Pima mara tatu ukiacha dakika moja katikati, chukua wastani.

Kipimo cha kukaba gari na kupiga resi kina hatari, mtu asikifanye peke yake. Magogo mbele na nyuma ya tairi zote nne, breki zote, D, eksileta mpaka mwisho, soma resi, achia. Isizidi sekunde 5, kisha N sailensa dakika nzima ndipo ujaribu R. Tairi zikianza kuzunguka, achia hapo hapo. Linganisha na kitabu cha gari. Resi ikiwa juu pote pawili, presha ni ndogo. Ikiwa chini pote pawili, injini haina nguvu au klachi ya njia moja ndani ya konveta haishiki. Mwenye konveta ya hivyo ataona gari zito kuondoka, lakini likishashika mwendo linakwenda kawaida.

#7
Gari linatetemeka kwenye 60 hadi 80 km/h kama linapita juu ya matuta madogo, ukiwa na mguu mwepesi: shikilia eksileta hapo hapo, gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto, taa za breki ziwake tu. Swichi ya breki inaifungua konveta. Mtetemo ukikatika papo hapo, ni klachi ya konveta au mafuta. Ukiendelea, tafuta plagi na koili za injini.

#8
Swali lililokuja pembeni: gari haliendi mbele wala nyuma, ila injini inapanda resi. Kabla ya yote, angalia lever ya transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na nyuma). Ikiwa katikati ya H na L, au fimbo yake imechomoka, giaboksi inazunguka bure. Mtu akae ndani akanyage breki ya mguu, wewe kagua kutoka pembeni, usiingie chini injini ikiwaka.

#9
Wenye ZF 4HP22: msipige resi kubwa ukiwa N au P kwa muda mrefu, hata kwa kupima moshi au kupasha injini. Klachi ya mbele inaweza kuungua gari likiwa limesimama. Na ukibadilisha filta hakikisha oringi yake imekaa. Bila hiyo pampu inavuta hewa, inalia, na gia inachelewa.

#10
Moto ndio unaoua giaboksi hizi. Kwenye mchanga, tope na mlima wa polepole tumia 4L (gia nzito ya tairi zote nne): konveta haitelezi sana, na utelezi wa konveta ndio joto lenyewe. Kuvuta mzigo kwenye mwinuko, zima O/D. Ukiongeza kipoza, mafuta yatoke giaboksi, yapite rejeta, yapite kipoza kipya, ndipo yarudi. Mipira iwe ya mafuta, si ya maji, na ikae mbali na ekzosi na propela.

Kubadilisha mafuta: kwa tundu la sampu yanatoka chini ya nusu, mengine yako kwenye konveta. Pima yaliyotoka kwa dumu lenye alama, rudisha kiasi hicho hicho. Ukitaka yote yatoke, fungua mpira unaorudi giaboksi, elekeza kwenye dumu, washa sailensa, lita moja au mbili ikitoka zima, ongeza kiasi hicho, rudia mpaka yatoke mekundu. Usitumie mashine ya presha kwenye giaboksi ya zamani, inapeleka uchafu kwenye valvu bodi. A340 inataka Dexron II au III. Pajero yenye V4A51 inataka SP-III. Rangi kufanana hakuzifanyi kuwa kitu kimoja.

Ukishusha sampu, angalia sumaku. Ugoro laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma ni beringi au gia, vya njano ni bushi, vyeusi laini ni ngozi ya klachi. Bolti za sampu ya A340 ni Nm 7 tu, ukikaza zaidi mdomo unapinda na utavuja daima.

#11
Na bomba la kupumulia aliloligusa mkuu wa #2: lirefushe kwa mpira mpaka juu ya boneti, ufunge kwenye ukuta wa injini, mdomo ukitazama chini. Fanya hivyo pia kwa transfa na difu zote mbili, maana zinafyonza maji kwa njia ile ile.