Likizo ya mjini: penseli, kamera, kroshia au shajara?

Mzururaji

Wakuu, habari za jioni. Nina likizo fupi mbele yangu, ya mjini. Ratiba nimeipanga kizembe kwa makusudi: kutembea bila haraka, kukaa kwenye mabenchi, kupanda treni hadi kituo cha mwisho nione kuna nini, kujificha makumbusho mvua ikianza. Nataka kubeba kitu kimoja cha kufanya kwa mikono, maana nikiiacha bure inaishia kwenye simu.

Nimebaki na machaguo manne: kuchora, kupiga picha, kufuma kroshia, na shajara ya kubandika tiketi na vikorokoro vya njiani. Begi ni dogo, la mgongoni. Mwenzangu wa safari ana miguu myepesi, akisimama mahali pamoja dakika 5 anaanza kuangalia saa. Waliowahi kuvibeba hivi vitu, kipi kinatumika kweli na kipi kinageuka mzigo?

PenseliButu

Kuchora, sina haja ya kuzunguka. Kuna mwandishi wa habari wa Seattle, Marekani, Gabriel Campanario, ambaye mwaka 2007 alianzisha mtandaoni kundi la wachora miji, Urban Sketchers, na sasa lina matawi nchi nyingi. Sharti lao kubwa ni kwamba unachora ukiwa pale pale, unachokiona kwa macho yako. Utamu wote uko hapo. Jengo ukilipita unaona jengo. Ukae mbele yake na penseli, baada ya muda unagundua dirisha la tatu limezibwa kwa matofali ya rangi nyingine, na bomba la maji ya mvua limepindishwa ghafla kulikwepa dirisha ambalo siku hizi halipo. Mtu alipaka ukuta mzima halafu akaacha nyuma ya bomba, kwa hiyo rangi ya zamani bado inachungulia pale.

Vifaa havijazi hata mfuko wa koti: daftari la A6, kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji, brashi yenye tangi la maji kwenye mpini, na kisanduku cha rangi za maji zilizokaushwa. Kwenye karatasi usibane matumizi. Ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ile ya kawaida ya ofisini, ukiilowesha inajikunja hapo hapo. Anzia gramu 200, na ya gramu 300 ndiyo inayotulia. Rangi nyingi ni za kuringia tu. Chukua bluu ya ultramarini na kahawia ya siena iliyochomwa, zichanganye, utapata kijivu cha kila namna: lami, mawingu, kivuli cha ukuta. Na mji nusu yake ni kijivu.

JichoMoja

Mkuu PenseliButu, umesoma habari za huyo mwenye miguu myepesi? Mpaka wino wako ukauke, mwenzake yuko mtaa wa tatu.

Mimi nasema picha, na simu uliyonayo inatosha. Ila jipe mada moja kwa safari nzima: vitasa vya milango, au namba za nyumba, au viti vilivyoachwa nje. Bila mada utarudi na mamia ya picha ambazo hakuna atakayezifungua. Usikuze kwa vidole, kwenye simu nyingi huko ni kukata tu picha, isogelee kwa miguu. Majengo yako yakionekana yanaanguka chali, ni kwa sababu umeinamisha simu kwenda juu. Ishike sambamba na ukuta, rudi nyuma, halafu kata ziada baadaye. Na mvua ikikatika toka nje upesi, madimbwi hayasubiri.

PenseliButu

Henri Cartier-Bresson mwenyewe, fundi wa picha za mitaani, mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliiweka kamera kando akarudia kuchora. Nimemaliza.

JichoMoja

Aliiweka kando baada ya kuitumia takribani miaka 40! Hapo umenitetea mimi.

MsomajiKimya

Kabla hamjashikana mashati, utafiti upo. Mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, aliwatembeza wanafunzi makumbusho, vitu vingine wavipige picha, vingine wavitazame tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: walivyovipiga picha nzima nzima walivikumbuka vibaya kuliko walivyovitazama. Lakini walipoambiwa wapige kisehemu kidogo tu cha kitu, upungufu huo haukuonekana. Kwa hiyo vitasa vya JichoMoja vinapona, picha za jengo zima ndizo za kutilia shaka.

Upande wa pili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha mwaka 2016 kwamba watu wakichora kitu wanakikumbuka zaidi kuliko wakiandika jina lake, hata wakipewa sekunde 4 tu za kuchora. Mzururaji, wewe una dakika 5. Umebarikiwa.

Mzururaji

Sekunde 4! Hiyo namwonyesha mtu leo leo. Dada zangu wa nyuzi mbona mmenyamaza?

BiNdoano

Tunahesabu mishono, ndugu yangu.

Kroshia usiilinganishe na hao wawili, kwa sababu haishindanii muda ule ule. Kuchora kunataka usimame na utazame. Kroshia inajaza pale ambapo ungekaa bure: foleni, safari ya treni, jioni miguu ikiwaka moto. Mikono inafanya kazi na macho yanabaki dirishani. Na usishawishiwe kubeba sindano mbili za kufuma. Kwenye kroshia kitanzi kilicho hai ni kimoja, treni ikikutikisa ndoano ikachomoka, unaachia mshono mmoja, unaurudisha. Sindano ya kufuma ikichomoka ina safu nzima ya vitanzi, na utaviokota ukiwa umesimama kwenye behewa lililojaa.

Fuma miraba midogo, usibebe blanketi. Kila jioni mraba mmoja kwa rangi ulizokutana nazo siku hiyo, mlango wa kijani, mistari ya treni. Mkasi ndio wenye masharti kwenye ndege: Ulaya makali yasizidi sentimita 6 kwenye begi la mkononi, Marekani inchi 4 kuanzia kwenye msumari unaoshika makali mawili. Mimi nakata uzi kwa kikata kucha, na ndoano nabeba ya mbao.

GundiNaKaratasi

Shajara mmeiacha yatima, kama kawaida. Hasara yake naisema mapema: ukibandika tiketi tu, bila neno, mwakani hutajua ilikuwa ya nini. Andika sentensi moja pembeni, siyo ya makumbusho, ya kitu kidogo. Nani alikaa mbele yako, alikuwa anakula nini kwa siri. Risiti nyingi ni karatasi ya joto, inayoandikwa kwa joto bila wino, maandishi yake yanafifia yenyewe, kwa hiyo yale unayoyataka yanakili kwa mkono.

Lakini siri yangu ni kusugua. Tafuta kifuniko cha chuma cha shimo kwenye njia ya miguu, sio barabarani tafadhali, kikaushe, tandika karatasi nyembamba, bana pembe zake kwa mguu na kwa kiwiko, kisha laza penseli ya 4B, ile laini, ubavu na uipitishe taratibu. Kwanza hutokea ukungu tu. Halafu miraba, halafu duara, halafu herufi za kiwanda zinapanda moja moja, pamoja na mkwaruzo ambao hukuuona kwa macho. Mwenzako mwenye haraka atachuchumaa naye, nakuhakikishia, na atataka chake. Mchoraji Max Ernst alianza hivyo hivyo mwaka 1925, yeye akisugua mbao za sakafu. Ukibahatika kufika Japani, miji mingi ina vifuniko vya kwao vyenye maua, ngome na samaki, hutatoka mtaani.

JichoMoja

Hii ya vifuniko naiiba.

Mzururaji

Na mimi. Sasa makumbusho je? Mvua ndiyo itanipeleka huko, nisingependa kufukuzwa na mlinzi.

PenseliButu

Mengi yanaruhusu penseli na yanakataa wino na rangi za maji, kwa hiyo kisanduku kiache kwenye begi. Kamera mara nyingi ni bila mwanga wa flashi na bila stendi. Maonyesho ya muda huwa na masharti makali zaidi kwa sababu vitu vingine ni vya kuazima, uliza mlangoni. Ukitaka kuchora haraka, anza na sanamu. Hazisogei, hazidai kufanana, na nyingi zina benchi karibu.

Mzururaji

Basi nimekata shauri. Daftari la A6 liwe la michoro na la kubandikia humo humo, penseli ya 4B, kijiti cha gundi. Simu kwa mada moja, namba za nyumba. Kroshia ya kwenye ndege na treni, mwenzangu akilala. Rangi za maji safari hii zinabaki, samahani mkuu.

PenseliButu

Nimesamehe. Karatasi nyembamba ya kusugulia ichukue tofauti, ya daftari langu la gramu 200 haitashika michongo midogo.

GundiNaKaratasi

Na kichongeo kiwe chenye kisanduku chake. 4B inaisha upesi, na walinzi wa makumbusho hawapendi maganda sakafuni.