Msaada: maneno ya Kiingereza herufi 5 yanayoishia ATCH

Wakuu naomba msaada, kwenye Wordle (ule mchezo wa kubahatisha neno la herufi 5) nimeshapata herufi nne za mwisho, A T C H zote kijani, yaani zipo mahali pake, nimebakiza ya kwanza tu na nafasi ni tatu. Nimewaza catch, match na watch, hivi kuna mengine? Sitaki nipoteze, nimeshinda mfululizo wiki nzima.

Jibu 1
Yapo bana. Ongeza batch, hatch, latch, patch. Jumla saba, kwahiyo ukibahatisha moja moja kwa nafasi tatu utaumia.

Jibu 2
Usibahatishe kabisa mkuu. Andika clamp, najua sio jibu lakini inapima herufi nne kwa mkupuo. C ikiwa kijani pale mwanzo ni catch, L ikiwaka njano, yaani imo ila sio mahali pake, ni latch, M ni match, P ni patch. Zote zikigoma umebaki na batch, hatch na watch, hapo sasa andika bwana, ndio hilihili letu, limo kwenye kamusi za Kiingereza walilichukua kwetu. B kijani ni batch, W njano ni watch, B na W zote zikiwa kimya ni hatch. Nafasi ya tatu unamaliza.

Jibu 3
Hii ya bwana nimeipenda sana aisee. Ila kama ni hard mode haikubali, kule lazima urudie herufi ulizokwisha pata.

Muuliza
Sio hard mode. Clamp imetoa P njano, ni patch!! Asanteni sana wakuu