Mjadala: Bosi akikutania kabila lako mbele ya watu, huo bado ni utani?

Mleta mada: Wadau, ofisini kwetu kuna kauli imeshazoeleka. Kila keshia wetu anapokabidhiwa pesa za matumizi madogo, bosi anasema, "Zihesabiwe mara mbili, huyo Mchaga." Watu wanacheka, na keshia mwenyewe anacheka. Majuzi shilingi 30,000 hazikuonekana, macho yote yakamgeukia kabla hata daftari halijafunguliwa. Kumbe alizichukua dereva za mafuta, risiti akasahau kuileta.

Mimi nasema utani haupo hapo. Utani wa jadi naujua. Mpare na Mchaga wanachambana hata msibani, lakini mtani hujibu papo hapo na hakuna kununa. Sasa huyu dada amjibu nini mtu anayemsainia likizo na kumjazia fomu ya tathmini?

Mchangiaji wa kwanza: Mnaanza mambo ya wazungu. Nchi hii tumepona ukabila kwa sababu tunataniana. Mkipelekana utumishi kwa kila kicheko, ofisi itakuwa kama chumba cha mtihani. Mimi Mkurya, kila siku naambiwa nimeficha panga chini ya meza. Nacheka, maisha yanaendelea.

Mleta mada: Mkuu, nani anakwambia? Wenzako mnaokula nao chipsi, sawa. Meneja akikuondoa dirisha la wateja kwa kuwa "Wakurya mna hasira", utacheka?

Mchangiaji wa pili: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila au mahali mtu anakotoka, na unyanyasaji inauhesabu kuwa ubaguzi. Ila kwa kauli moja usikimbilie CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Amuulize palepale, kwa upole: "Bosi, kwa nini zangu tu zihesabiwe mara mbili?" Utani ukishadaiwa maelezo, ladha kwisha. Akirudia, amfuate faragha, huku anaandika tarehe, maneno yenyewe na waliokuwepo. Na wewe mleta mada, siku hiyo ulicheka au ulinyamaza? Maana bosi hachekeshi ukuta.

Mchangiaji wa tatu: Hayo yote ni ya wenye mikataba. Sisi vibarua ukiuliza "bosi, kwa nini", kesho asubuhi getini jina lako halisomwi.