Wakuu, nitajuaje mada ya fizikia ya chembe bado iko hai?

Mwl_Majengo: Habari zenu wakuu. Niko Moshi, nafundisha fizikia kidato cha tano na sita, usiku nahangaika na andiko la masta. Nataka fenomenolojia ya chembe, ile kazi ya kuoanisha nadharia na vipimo vya maabara. Wiki tatu bando limeishia kwenye makala za chembe mpya iliyodhaniwa kuwa na tungamo la GeV 750. Nikampelekea msimamizi kurasa nne. Akauliza tu: "Mwalimu, hii si ilishazikwa?" Aibu niliyoipata, chai ilipoa mezani. Mnajuaje kinachotafitiwa sasa?

Babu_Sanawari: Pole mwalimu, iliwanasa hata wakubwa. Desemba 2015 timu za ATLAS na CMS pale CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, walionyesha kinundu kwenye grafu ya jozi za fotoni, kama dalili ya chembe mpya, makala zikamiminika kwa mamia. Agosti 2016 data zikaongezeka, kinundu kikayeyuka. Ila makala hazifutwi, ziko arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, mpaka leo. Kila ukipata makala itafute INSPIRE, kanzidata ya makala za fizikia ya chembe, fungua orodha ya walioinukuu, ipange kwa tarehe. Ukikuta nukuu zimejaa 2016 halafu kimya, uko makaburini.

Dada wa Njiro: Mimi kila alfajiri, Jumatatu hadi Ijumaa, nafungua orodha mpya ya hep-ph, sehemu ya fenomenolojia ya chembe, kule arXiv. Vichwa tu, bando halilii. Mwezi mmoja utaanza kuona maneno yanayojirudia.

Mwl_Majengo: Asanteni. Na muoni g-2 je, kile kipimo cha usumaku wa muoni, ndugu mzito wa elektroni? Nimeona pengo la sigma 4.2 kati ya kipimo na nadharia, nikasisimka.

Babu_Sanawari: Hiyo ya 2021, mwalimu! Unarudi kulekule. Juni 2025 Fermilab, maabara ya Marekani, wametoa kipimo chao cha mwisho, na mwaka huohuo wananadharia wamepitia upya hesabu zao, pengo karibu limezibika. Kilichobaki ni ugomvi wa wakokotoaji: mchango wa hadroni (chembe zilizoundwa kwa kwaki) ukiupata kwa data za migongano ya elektroni na pozitroni, na ukiupata kwa kompyuta kubwa, majibu hayapatani. Mada iko hai kweli, ila kwa kompyuta kubwa wanamaanisha kubwa, si hiyo ya ofisi ya walimu.

Kijana_Sakina: Kabla ya yote muulize msimamizi yeye mwenyewe anaandika nini. Mada ya moto asiyoijua itakuunguza peke yako. MadGraph, programu ya kuigiza migongano ya chembe, ni ya bure, laptopu ya kawaida inaiendesha. Anzia hapo.

Mwl_Majengo: Sawa. Kesho hep-ph kwanza, umeme ukiwepo, ndiyo niende mstarini.